Dawa ya Maji

Mke wa Fundi Saa alibakiwa na maneno matano, na yote matano yalikuwa majina ya samaki.

Mtu akikwambia hivyo utadhani anatia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja, mwanamke mwenye mdomo, aliyeweza kumfokea mume wa mzazi mlangoni na kumbembeleza mzazi ndani kwa pumzi ileile. Kisha siku moja, akipanga vikombe kabatini, kiharusi kikamwangusha. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia unaburutwa, na maneno yote yamekwenda zake. Jina la mumewe halikuwepo. Jina la binti yao aliyeolewa mbali halikuwepo. Ila walipomkalisha kwenye kiti chake sebuleni, mbele ya tangi la kioo alilolinunua alipostaafu, alilitazama kwa muda mrefu, akainua kidole cha mkono wa kushoto, akasema wazi kabisa, "Njiti."

Fundi Saa alilia palepale, mbele ya jirani aliyekuwa amemshika mgonjwa kwapani. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa wivu pia, tusimfiche. Miaka yote ya ndoa, halafu jina linalobaki ni la samaki.

Samaki wenyewe walikuwa sita, hakuna aliyezidi urefu wa kidole cha mwisho, na mkunga alikuwa amewapa majina ya kazini kwake. Kifungua ndiye aliyetangulia kuingia tangini. Pacha walikuwa wawili wasiotofautiana hata kwa miwani, kwa hiyo wote waliitwa Pacha. Miguu-Mbele aliogelea mkia ukiwa chini, kama mtoto anayetaka kutoka kwa miguu. Mkaidi aligoma kutoka kwenye mfuko wa plastiki siku aliyoletwa, mpaka akamiminwa kwa nguvu. Na Njiti, mdogo kuliko wote, alizaliwa humohumo tangini na akaponea chupuchupu kuliwa na wakubwa.

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, aliyekuja kila Jumanne na mkoba wa picha, alifurahishwa sana na tangi lile. "Mzee, hayo majina usiyaache yalale," alimwambia Fundi. "Kila asubuhi amtaje kila mmoja akiwa anamwona. Humo ndimo tutakapopitia kuyarudisha maneno mengine. Neno lisiloguswa miezi hii ya mwanzo laweza lisirudi tena."

Fundi alilipokea agizo hilo kama alivyopokea kila agizo maishani mwake, mpaka nukta ya mwisho. Alihamisha meza yake ya kazi kutoka kwenye kibanda cha mtaani, akaiweka sebuleni dirishani, akawa anafungua saa za watu huku mkewe akiwataja samaki. Asubuhi baada ya asubuhi: Kifungua, Pacha, Miguu-Mbele, Mkaidi, Njiti. Miezi miwili ikapita hivyo.

Asubuhi moja Mkaidi akaonekana anajikuna kwenye mawe. Anajisugua ubavu, anarudi, anajisugua tena, mapezi ameyabana mwilini. Fundi alichukua kile kidude cheusi chenye lenzi ambacho mafundi saa hukibana kwenye tundu la jicho, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mkiani mwa Mkaidi mlikuwa na vidoa vyeupe, kama mtu kamnyunyizia punje za chumvi. Akamtazama Kifungua. Vidoa. Pacha wa kwanza, vidoa. Moyo ukamwenda mbio, maana huyu ni mtu aliyezoea hitilafu ndogo, na alijua kwamba hitilafu ndogo ndiyo inayosimamisha saa.

Alimwacha mkewe na jirani, akaenda kwenye duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka alikuwa binti mwembamba mwenye aproni iliyolowa daima, na wateja walimwita Daktari, kwanza kwa utani, kisha kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Nina wagonjwa sita."

Akaeleza yote: vidoa, kujikuna, mapezi. Daktari hakumkatiza. Aliuliza kama maji yalipata baridi siku za karibuni, na Fundi akakumbuka kwamba kipasha-maji cha tangini kilikuwa kimezimika siku mbili bila yeye kujua.

"Ni ugonjwa wa madoa meupe," Daktari alisema. "Hivyo vidoa ni vijidudu, vimejichimbia kwenye ngozi. Vikikomaa vinaanguka chini, vinazaana, vinarudi vingi. Dawa inaviua vikiwa majini tu, siyo vikiwa mwilini. Kwa hiyo usiache njiani ukiona wamepata nafuu. Pandisha joto polepole, siyo kwa mkupuo. Tia chumvi ya mawe, kijiko cha chakula kwa kila lita ishirini, uiyeyushe kwanza pembeni."

"Mke wangu angekwambia mimi si mtu wa kutia chumvi."

Daktari akacheka. "Safari hii tia tu, baba. Na hii dawa ya buluu, matone kumi kila siku. Mashine ya hewa isizimwe, maji ya moto yanakuwa na hewa kidogo. Halafu kila siku toa theluthi ya maji, weka mapya. Na usisahau dawa ya maji. Unayo nyumbani?"

"Dawa ya maji haikosekani kwetu," Fundi alijibu, kwa fahari hata. "Mke wangu mkunga."

"Basi vizuri. Kipimo fuata maandishi ya chupa."

Na kweli haikukosekana. Chupa yenye kifuniko cha buluu ilikaa juu ya ndoo ya maji ya kunywa tangu siku walipohamia nyumba ile. Mkunga hakumruhusu mtu yeyote, hata mgeni wa heshima, anywe maji yasiyotiwa dawa. Alikuwa ameona watoto wengi mno wakiisha kwa kuharisha. Kifuniko kimoja kwa ndoo moja, subiri nusu saa. Fundi alikijua kipimo hicho kuliko alivyoijua tarehe ya ndoa yao.

Alipotoka uani kuchota maji akaikuta ndoo ya zamani ya mkewe, imekaa wazi juani karibu na ukuta. Humo mlikuwa na maji yenye vumbi na majani mawili makavu. Alikumbuka kwamba tangu mkewe augue, alikuwa akilijazia tangi maji yaliyopungua kwa kopo moja moja kutoka kwenye ndoo ile, bila kufikiri. Akaona aibu. Wagonjwa waogeshwe kwa maji ya namna hii? Akaimwaga yote kwenye mfereji, akaisugua ndoo kwa mchanga, akakinga maji mapya bombani, akatia kifuniko kimoja cha dawa ya maji. Akasubiri nusu saa, saa mkononi.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili vidoa vikaanza kupungua, na Fundi akaita jirani aje aone kwa lenzi. Lakini jioni yake samaki wote sita walipanda juu, wakawa wanaachama kwenye uso wa maji, midomo inafunguka na kufungika.

"Wana njaa hao," jirani alisema.

Hawakuwa na njaa. Chakula kilielea mpaka kikalowa na kuzama. Fundi akasoma upya karatasi yake ya maagizo. Joto, sawa. Chumvi, sawa. Dawa ya buluu, sawa. Mashine ya hewa inabubujika. Akafikia uamuzi ambao mtu yeyote makini angeufikia: maji yamechafuka kwa ugonjwa, yabadilishwe zaidi. Siku ya tatu akatoa nusu badala ya theluthi, na kwa kuwa hali ilikuwa mbaya akatia vifuniko viwili.

Hapo ndipo mkewe aliposema neno la sita.

Fundi alikuwa amepiga magoti, anamimina maji taratibu kwa kopo. Nyuma yake, kutoka kwenye kiti, sauti ikasema, "Maji."

Kopo lilimponyoka. Alimgeukia. Uso wa mkewe ulikuwa umekunjamana kwa jitihada, jasho linamtoka kwenye paji, na mdomo ulioanguka upande ulikuwa ukitetemeka. "Maji," alisema tena, safari hii kwa nguvu.

"Maji," Fundi akaitikia, machozi yamemjaa. "Ndiyo, mama. Maji. Umesema maji."

Akakimbia jikoni kama kijana. Akarudi na kikombe kimejaa, akamwekea mdomoni. Mkewe alifumba midomo. Akasogeza tena kikombe, naye akageuza kichwa, maji yakamwagikia kifuani. Akainua mkono wake mzima, akaigusa pua yake, akagusa tena, akaelekeza kidole tangini. "Maji."

"Una mafua?" Fundi aliuliza. "Pua inakuwasha?"

Pua yake mwenyewe ingeweza kumsaidia, kama angekuwa nayo. Miaka arobaini ya petroli ya kuoshea saa ilikuwa imeiua. Mkewe, enzi za mdomo wake, alikuwa akimtania kwamba hata nyumba ikiungua yeye ataarifiwa kwa barua. Jirani naye alikuwa ameondoka. Mwenye pua nyumbani mle alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa na neno moja la kueleza alichokinusa.

Asubuhi iliyofuata Pacha mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mawe, amekufa. Mkewe aliwataja kama kawaida. Pacha akamtaja kwa yule aliyebaki. Mchana akafa Mkaidi, kisha Miguu-Mbele, na safari hii mkia wake ulikuwa juu.

Kesho yake, wakati wa kutaja majina ulipofika, mkunga aliinua kidole. "Kifungua," alisema. "Pacha." Kidole kikabaki hewani, kinatafuta. Kikapita kwenye majani, kikapita nyuma ya jiwe, kikarudi. Mdomo ulijaribu kitu, ukakiacha. "Njiti," alimalizia.

"Mkaidi," Fundi alimsaidia. "Sema, Mkaidi. Miguu-Mbele. Unakumbuka, aliogelea hivi." Akauinua mkono wake kumwonyesha. Mkewe aliutazama mkono ule kwa adabu, kama mtu anayezungumzishwa lugha ya wageni. Majina mawili yalikuwa yamekwenda na wenyewe.

Maji yalimfika shingoni Fundi Saa. Alihisi anamuua mke wake kipande kipande, na hakujua kwa kisu gani. Akamwaga hasira pasipostahili. Maana mkewe alikuwa ameanza tena, "Maji, maji," akigonga mkono wa kiti, na yeye akaleta kikombe, na kikombe kikakataliwa.

"Unaomba maji, unaletewa maji, unakataa maji," alisema, sauti imepanda. "Sasa unataka nini? Nifanye nini mimi? Niambie."

Mkunga, aliyewahi kunyamazisha wodi nzima kwa jicho moja, alianza kulia bila sauti. Fundi aliweka kikombe chini. Alitaka kuomba radhi, lakini Pacha wa pili alikuwa anazunguka zunguka kama jani kwenye mfereji, na badala ya kuomba radhi akakimbilia ndoo. Nusu ya tangi. Vifuniko viwili. Nusu saa.

Pacha alikufa kabla ya adhuhuri. Kifungua akamfuata saa tisa.

Fundi alimchukua Kifungua kwa kibano chake cha kazi, akamlaza kwenye kikopo cha vipuri juu ya pamba iliyolowa, akamwita jirani, akatoka. Alitembea haraka hata watu wakawa wanampisha. Njiani alikuwa akipanga atakavyomlaumu yule binti: dawa yake ya buluu ni bandia, au ameitia maji, au hajui kazi.

Daktari hakujitetea. Alimpokea Kifungua kiganjani, akamgeuza chini ya taa.

"Vidoa vimekwisha kabisa," alisema. "Umefanya kazi nzuri, baba. Huyu hakufa kwa vidoa."

"Kafa kwa nini basi?"

Aliinua kifuniko cha shavu la samaki kwa ukucha. Ndani, matamvua, zile nyuzi ambazo samaki anavutia pumzi, hayakuwa mekundu kama yanavyotakiwa. Yalikuwa na weupe wa kuungua, damu imevilia kandokando. Daktari alimsogeza puani, akanusa. Kisha akamtazama Fundi, na sauti yake ikabadilika.

"Baba, hiyo dawa ya maji unayotia ni ipi?"

"Si ni hii ya kawaida. Ya maji ya kunywa."

Daktari alimlaza Kifungua kwenye kikopo chake, akaenda kwenye rafu, akarudi na kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba. Akakiweka juu ya kaunta.

"Sisi huku, dawa ya maji ni hii," alisema. "Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu. Mtu haimdhuru, samaki inamuunguza pumzi. Hii inaiondoa. Ile ya kwako ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kuondolewa, na wewe ulikuwa unaiongeza." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa aproni ilikuwa imelowa kuliko mikono. "Mimi ndiye niliyekwambia dawa ya maji. Ningekuonyesha chupa. Sikukuonyesha."

Fundi alishika kaunta. Hakumlaumu, maneno yote aliyopanga njiani yalikuwa yamempotea, akajua kidogo jinsi mkewe anavyojisikia. "Mke wangu hakuwa na kichupa kama hiki," alisema baadaye. "Miaka yote. Na samaki wake hawakufa."

"Basi alikuwa anaacha maji yakae. Kwenye ndoo wazi, siku mbili tatu juani, ile dawa inajiondokea yenyewe. Wengi wanafanya hivyo."

Ndoo ya uani. Vumbi na majani mawili. Fundi aliiona ikimwagika kwenye mfereji, kwa mikono yake mwenyewe. Akasikia na sauti kutoka kwenye kiti, maji, maji, na kidole kinachogusa pua. Mkewe alikuwa amelitoa neno hilo kutoka mahali ambapo hata jina la mumewe lilishindwa kutoka. Alikuwa ameligonga kwenye mkono wa kiti siku tatu mfululizo. Na yeye alikuwa amemjibu kwa kikombe, halafu kwa makelele.

"Amebaki mmoja," alisema. "Njiti."

"Anaachama juu?"

"Anaachama."

"Kimbia," Daktari alimwambia. "Matone mawili kwa kila lita kumi. Tia humohumo tangini kwanza, usisubiri hata dakika. Mashine ya hewa iongeze nguvu. Halafu usimguse. Kama matamvua hayajaungua sana, atashuka mwenyewe."

Fundi Saa, mwenye goti bovu, alikimbia. Alipita kibandani kwake kulikofungwa, akawapita wateja wawili waliomwita kuhusu saa zao, akaingia ndani akihema kuliko samaki. Njiti alikuwa kwenye kona ya juu ya tangi, mdomo nje, ubavu umeanza kuinama. Jirani alisimama na mikono kichwani. Fundi alikisoma kichupa mara tatu, maana sasa aliogopa hata nukta. Akahesabu matone kwa sauti. Tone moja liliuponyoka mkono uliozoea kushika springi nyembamba kuliko unywele, likaanguka kwenye zulia, akalirudia.

Kisha hakukuwa na la kufanya. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye miguu ya kiti cha mkewe, wakamtazama Njiti wote wawili.

"Ulikuwa unaniambia," Fundi alisema bila kugeuka. "Mama, ulikuwa unaniambia na mimi sikusikia. Nikakufokea. Nisamehe. Nilimwaga ndoo yako. Nilidhani ni uchafu. Nimewamaliza wanao."

Akayafikiria majina aliyompotezea mkewe. Aliyahesabu moyoni: Kifungua, Pacha, Miguu-Mbele, Mkaidi. Manne aliyaua kwa kifuniko cha buluu, akipima sawasawa, akisubiri nusu saa. Mkono wa kushoto wa mkewe ulimshukia kichwani, ukakaa hapo. Hakujua kama ni msamaha au umechoka tu, na hakuthubutu kuuliza.

Jua lilipofika kwenye meza ya saa, Njiti aliteremka kidogo, urefu wa ukucha. Akapanda tena. Akateremka. Jirani akasema amemwona akifunga mdomo, Fundi akamwambia anyamaze. Mwishowe samaki yule mdogo alishuka mpaka kwenye majani, akatulia humo, mapezi yanapepea.

"Njiti," mkunga alisema.

"Njiti," Fundi akaitikia.

Asubuhi iliyofuata alitoka uani mapema, akaisuuza ile ndoo kwa maji matupu, akakinga maji, akaiweka wazi palepale karibu na ukuta, alama ya duara ilipokuwa bado inaonekana kwenye saruji. Hakutia kitu. Alirudi ndani akakaa kitako mbele ya tangi, lenzi jichoni, akayachunguza mashavu ya Njiti kana kwamba anatafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa.

"Kifungua," alianza, kwa matumaini, akimtazama mkewe. "Pacha."

Mkunga alimtazama tu. Alimtaja Njiti, akaishia hapo. Kisha akasema, "Maji."

Fundi aliruka. Alipima joto, akanusa tangi kwa pua yake iliyokufa, akamwita jirani anuse. Alikishika kichupa, akasoma maandishi, akatoka kuitazama ndoo, akarudi. Njiti alikuwa anaogelea bila wasiwasi wowote. "Nini, mama? Maji yana nini? Nionyeshe, safari hii nakusikiliza."

Mkewe alisubiri mpaka alipomaliza. Aliinua mkono wa kushoto taratibu, akaweka kidole kwenye midomo yake iliyokauka.

"Maji," alisema.

Fundi Saa alimletea kikombe kutoka kwenye ndoo ya maji ya kunywa, ile yenye chupa ya kifuniko cha buluu juu yake, akamshikia, naye akanywa yote.